Lenzi ya mtumba: kabla ya bei, uliza ililala wapi

Mtu anayenunua lenzi ya mtumba huku kwetu, iwe kwenye duka la Darajani au kwa kijana aliyeitangaza kwenye kundi la WhatsApp, kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei ya mwisho ni ngapi, na je, bado inapiga? Kwa hewa ya Unguja na Pemba, swali la kwanza lingekuwa jengine kabisa: lenzi hii ililala wapi? Lenzi iliyofanya kazi miaka mingi mikononi mwa mpiga picha za harusi, kila usiku ikarudi kwenye sanduku kavu, ni mali bora kuliko ile iliyotumika mara mbili tatu kisha ikafungiwa kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi, masika yakaingia na kutoka. Ile ya mwanzo imechubuka nje. Hii ya pili inaliwa ndani, na kwa nje inang'aa kama imetoka dukani leo.

Muuzaji mara nyingi hana habari. Lenzi imepita mikono mitatu minne kabla ya kumfikia. Mmoja aliirithi kwa mjomba, mwengine aliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Si lazima awe anakuficha kitu. Lakini chombo chenyewe kinasema: vioo vinasema, grisi inasema, vichwa vya skrubu vinasema, namba zilizochongwa zinasema. Ukijua pa kutazama, robo saa inatosha. Nenda mchana, uwe na tochi ya simu, kitambaa safi cha kufutia miwani, kamera yako na kadi yenye nafasi. Na uombe ruhusa kwa adabu, maana hakuna mfanyabiashara anayependa kuona mtu anaipindua pindua mali yake bila kusema neno:

"Kaka, samahani, naomba niimulike kidogo kwa tochi kabla hatujazungumza bei."

"Mulika tu, bwana. Ukimaliza tutaelewana."

Akikataa tochi, mshukuru na uende zako.

Koga

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote visiwani, kwa hiyo nitalikalia. Koga huota kwenye kioo pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, gizani, bila upepo. Hewa yetu hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika huwa mbaya zaidi. Mkoba wa ngozi na ule wenye sponji ndani hunyonya maji ya hewa na kuyaweka karibu na kioo. Ndiyo maana lenzi iliyotunzwa "vizuri" kwenye mkoba wake wa asili ni ya kutiliwa shaka zaidi kuliko iliyokaa wazi juu ya rafu.

Kuitafuta: vua vifuniko vyote viwili. Fungua tundu la mwanga mpaka mwisho. Kwa lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha ni rahisi, weka kwenye namba ndogo kabisa, kama 1.8 au 2. Kwa lenzi za Canon EF tundu hukaa wazi lenyewe lenzi ikiwa nje ya kamera. Nikon zisizo na pete, zile zenye herufi G, hujifunga zikiwa nje ya kamera, hivyo sukuma taratibu kile kijiti cha chuma kilichoko kitakoni, yaani upande unaofungwa kwenye kamera, ili lifunguke, na ukishikilie hapo wakati unatazama. Sasa peleka tochi upande wa nyuma, uiinamishe kidogo isikupige machoni, na utazame kupitia mbele huku ukiizungusha lenzi polepole. Kisha geuza: tochi mbele, jicho nyuma. Fanya pande zote mbili, maana koga iliyojificha upande mmoja hujitokeza upande wa pili.

Vumbi lisikutishe. Utaona vitone vyeupe vingi, hata kwenye lenzi nzuri, na havionekani kwenye picha. Koga ni tafauti: ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi, mara nyingi zikianzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati. Ukiona kitu kama pumzi juu ya kioo cha kujitazamia, chepesi na kilichoenea sawasawa, hicho ni utando, mara nyingi mvuke wa grisi uliotua kwenye kioo kwa sababu ya joto. Utando husafishika. Na ukiona mwezi mchanga wenye rangi za upinde wa mvua, au doa la fedha ukingoni, hiyo ni gundi ya vioo viwili vilivyobandikwa imeanza kuachia. Hilo halitengenezeki kwa bei yenye maana. Rudisha lenzi kwa mwenyewe.

Tatizo la koga si kwamba ni uchafu. Inapokua hutoa asidi, na asidi hiyo hula kotingi, ile ngozi nyembamba ya rangi ya zambarau au kahawia iliyopakwa juu ya kioo kupunguza mng'ao. Ikikaa sana hula kioo chenyewe. Koga changa ikifutwa huondoka bila kuacha kitu. Koga kongwe ikifutwa huacha ramani yake: tazama kioo kwa pembe, mwanga wa taa ukiakisi juu yake, utaona mistari ile ile ambapo kotingi imekwisha. Lenzi ya namna hiyo huonekana safi ukiimulika kwa nyuma, ndiyo maana lazima utazame kwa njia zote mbili. Hapo umeshajua sehemu ya maisha yake: iliota koga, mtu akaifungua, akaifuta, sasa inauzwa.

Je, ununue lenzi yenye koga? Inategemea iko wapi. Ikiwa kidogo, ukingoni, kwenye kioo cha mbele kabisa ambacho fundi hukifikia kwa kufungua pete moja, naiona ni biashara inayokubalika kwa nusu ya bei. Ikiwa katikati, au kwenye kioo cha nyuma karibu na kamera, iache. Kasoro ya kioo cha nyuma huharibu picha kuliko kasoro ya ukubwa ule ule kwenye kioo cha mbele. Na koga ya katikati huua kontrasti, yaani tafauti ya giza na mwanga kwenye picha, hasa unapopiga dhidi ya mwanga, jambo ambalo kwa mchanga mweupe wa Paje na bahari ya saa sita mchana huwezi kulikwepa.

Anayetaka kuisafisha mwenyewe atumie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, achanganye nusu kwa nusu na amonia ya kusafishia nyumba, dirisha likiwa wazi na glavu mkononi. Futa kwa pamba laini bila kukandamiza, kisha futa kwa maji yaliyokenekwa, malizia kwa spiriti ya isopropili. Amonia isikaribiane kabisa na Jik wala dawa yoyote ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoumiza mapafu. Maji ya bomba au ya kisima usiyatumie, maana maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na yakikauka huacha madoa meupe juu ya kioo. Lenzi za miaka ya 1950 na kabla yake huweza kuwa na kotingi laini; hizo jaribu kwanza kwenye ukingo.

Chumvi na mchanga

Lenzi iliyofanya kazi ufukweni hujulikana kwa kusikiliza. Iweke karibu na sikio, zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Ikisaga, hata kidogo sana, kuna mchanga kwenye meno. Mchanga huo utaendelea kula alumini kila unapozungusha, na hautoki bila kuifungua lenzi nzima.

Kisha tazama kitako na vichwa vya skrubu kwa karibu. Unga mweupe ni alumini iliyoliwa na chumvi. Kijani ni shaba. Kutu nyekundu kwenye skrubu ndogo ni chuma kilicholowa. Tone moja la kutu halina neno. Lakini skrubu zote zikiwa na kutu, na nyuma ya kile kioo cha kitakoni kuna alama ya maji iliyokauka kama ukingo wa kikombe, lenzi hiyo iliwahi kuzama au kunyeshewa hasa. Ikiwa ina injini na saketi ndani, usiiguse. Ikiwa ni ya chuma tupu, ya kuzungusha kwa mkono, inaweza kufunguliwa na kuoshwa na fundi, ila bei iwe ya chuma chakavu.

Lenzi yenye chumvi juu ya kioo cha mbele usiifute kavu. Puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia, kisha lowesha kitambaa kwa maji yaliyokenekwa, iache chumvi iyeyuke, ndipo ufute. Mikwaruzo mingi ya katikati ya kioo haikuletwa na ajali. Ililetwa na pindo la shati.

Nani aliifungua

Skrubu ni ushahidi. Lenzi nyingi za Kijapani zina skrubu za msalaba za kipimo cha JIS, kiwango cha Kijapani, ambacho hakilingani na bisibisi ya kawaida ya msalaba. Fundi asiye na bisibisi ya JIS hutafuna vichwa. Ukiona vichwa vilivyotafunwa, lenzi ilifunguliwa, na aliyeifungua hakuwa na zana. Vivyo hivyo pete ya ndani ya mbele au nyuma: ina vijitundu viwili vinavyotazamana vya kuingiza kifungulio. Mkwaruzo unaotoka kwenye vijitundu hivyo, wino mweusi uliobanduka, ndiyo alama ya mkasi au bisibisi iliyoteleza.

Kufunguliwa si aibu. Lenzi ya zamani iliyofunguliwa na mtu anayejua, ikasafishwa na kupakwa grisi mpya, ni bora kuliko isiyoguswa. Shida ni kurudishiwa vibaya. Meno ya fokasi huingiliana kwa njia nyingi zinazofanana, na fundi asipoweka alama pale yanapoachia, atayarudisha njia nyengine na lenzi itapoteza fokasi ya mbali. Kwa hiyo jaribu: weka kwenye kamera, zungusha mpaka alama ya mwisho wa mbali, piga meli iliyotia nanga ukiwa ukutani Forodhani, au mwezi usiku. Kama meli haikolei mpaka urudishe pete nyuma kidogo, au haikolei kabisa, umeshajua.

Hapa pana mtego mmoja. Lenzi za skrubu za M42, zenye kipenyo cha milimita 42, zimetengenezwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kitako cha Canon EF kina milimita 44, kwa hiyo adapta nyembamba, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera isiyo yake, inaingia na fokasi ya mbali inapatikana. Nikon F ina 46.5, lenzi ya M42 hukaa mbele mno, na bila adapta yenye kioo ndani haitaona mbali hata ikiwa nzima. Kamera zisizo na kioo cha kuruka, kama Sony E yenye milimita 18, hupokea karibu kila kitu. Usiilaumu lenzi kabla ya kuiangalia adapta.

Umri na kwao

Tuchukue lenzi moja tuiweke mezani: Pentacon auto 1.8/50. Hizi huonekana mara kwa mara kwenye masoko ya mtumba, zikiwa na kamera ya Praktica au peke yake. Pete ya mbele ina jina na namba ya kiwandani, meno ya filta ni milimita 49, kitako ni M42. Ina asili ya Meyer-Optik ya Görlitz, ambako iliitwa Oreston kabla ya kiwanda kuingizwa ndani ya Pentacon ya Dresden. Ikiwa imeandikwa kuwa imetengenezwa GDR, ni ya kabla ya Oktoba 1990, mwezi ambao nchi hiyo ya Ujerumani Mashariki ilikoma. Ikiwa na maneno "multi coating", yaani kotingi ya tabaka nyingi, ni ya toleo la baadaye. Kwetu lenzi kama hii ina njia nyingi za kufika: baada ya Mapinduzi ya 1964 wataalamu wa Ujerumani Mashariki walikuja Unguja, na maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani ni kazi waliyoshiriki. Hilo halithibitishi kwamba lenzi iliyo mbele yako ilikuja na mmoja wao. Inawezekana ilikuja mwaka jana ndani ya kontena la mtumba kutoka Ulaya. Namba hukwambia ilipozaliwa, haikwambii njia iliyopita.

Itazame nyuma: kuna pini ndogo ya chuma. Ibonyeze kwa kidole ukiwa umeweka pete kwenye 16. Vibati sita vya tundu vinatakiwa vifunge papo hapo, na ukiachia vifunguke papo hapo. Bonyeza mara nyingi mfululizo. Ugonjwa wa Pentacon ni vibati kunata, na sababu yake ni grisi ya zamani ya meno ya fokasi: kwa joto huwa nyepesi, ikatiririka ndani na kulowesha vibati. Vikiwa vikavu huwa na weusi uliofifia. Vikiwa na mafuta vinang'aa. Vinavyonata hubaki wazi kamera inapotaka vifunge, na picha zote za mchana hutoka nyeupe. Dawa ni kuvifungua na kuviosha kwa petroli ya viberiti vya Zippo, kisha kuvirudisha vikavu kabisa, bila tone la mafuta. Anayepuliza WD-40 ndani ya lenzi anaiua. Siku ya kwanza vibati vitacheza, baada ya wiki mafuta yatakuwa kwenye vioo.

Lenzi za Kisovieti zinasomeka kwa urahisi zaidi. Helios 44-2, ya milimita 58, mara nyingi hubeba mwaka wake kwenye tarakimu mbili za mwanzo za namba: namba inayoanza na 78 ni ya 1978. Nembo ya mche wa kioo unaopitisha mshale wa mwanga ni ya kiwanda cha Krasnogorsk. Jina likiwa kwa herufi za Kirusi, lenzi ilikusudiwa soko la ndani, na aghalabu ilitoka huko ndani ya sanduku la mtu, si kwa muuzaji wa jumla. Wazanzibari waliosoma Urusi wakati ule hawakuwa wachache. Jina likiwa kwa herufi zetu, ilitengenezwa kwa ajili ya nje.

Nikkor za zamani zina herufi baada ya jina inayohesabu vioo: Q ni vinne, P vitano, H sita, S saba. Kwa hiyo Nikkor-H ina vioo sita. Kabla ya kuifunga kwenye kamera ya Nikon ya leo, hakikisha imebadilishwa kuwa AI, mfumo wa Nikon wa kuiambia kamera tundu limewekwa wapi, ulioanza 1977. Pete ya tundu ya zile za kabla yake inaweza kuvunja kijiti kidogo kilicho pembeni ya kitako cha kamera. Kwa Nikkor za miaka ya karibuni, namba inayoanza na "US" mara nyingi huonyesha kwamba lenzi iliuzwa mara ya kwanza Marekani. Ukiikuta Nungwi, kuna uwezekano mkubwa ilikuja na mgeni.

Canon EF nyingi za kabla ya mwaka 2008 hivi zina msimbo mdogo ndani ya kitako, kama UT1020. U ni kiwanda cha Utsunomiya, F ni Fukushima, O ni Oita. Herufi ya pili ni mwaka, A ikiwa 1986, B 1987, na kuendelea. T basi ni 2005. Tarakimu zinazofuata zinaanza na mwezi. Muuzaji akikwambia "ya mwaka juzi tu" na msimbo unasema 2003, bei irudi chini bila ugomvi.

Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Pentax inastahili neno lake. Toleo la vioo saba lina kioo chenye thoriamu, madini ya mionzi, na kwa miaka hugeuka rangi ya chai. Mionzi yake ni midogo kwa mtumiaji wa kawaida. Usisage kioo hicho wala usikitumie kama kioo cha kukuzia cha kuweka jichoni. Umanjano huondoka kwa mwanga wa urujuanimno. Jua letu linatosha: weka lenzi nje, kioo cha nyuma kikitazama juu, karatasi ya alumini chini yake, saa chache kila siku, kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Nyuma ya dirisha haifanyi kazi vizuri, maana kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mwanga unaotakiwa. Na usiondoke ukaiacha bila ile karatasi chini. Lenzi juani hukusanya moto kwenye nukta moja, na mkeka huwaka.

Za umeme

Kwa lenzi zenye injini, washa kila kitu. Elekeza fokasi karibu, mbali, karibu. Sikiliza kama inatafuta bila kupata. Kisha weka tundu kwenye f/11 na upige. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayofichua utepe wa umeme wa tundu uliokatika: lenzi hupiga vizuri ikiwa wazi, lakini ukifunga tundu kamera ya Canon hutoa kosa namba 01. Ni ugonjwa unaojulikana kwa EF 24-105 f/4 na EF-S 17-55 f/2.8. Kama kosa linatoka hata tundu likiwa wazi, futa kwanza vile vidoti vya shaba kwa kitambaa chenye spiriti. Pengine ni uchafu tu. EF 50mm f/1.8 II ina kitako cha plastiki na pipa la mbele linalotoka reli kwa pigo dogo. Vuta kidogo mbele na nyuma, lisicheze. Kwa wenye Nikon D3500 au D5600: lenzi ya AF 50mm f/1.8D ni nzuri na rahisi, ila kamera hizo hazina injini ndani, hivyo fokasi utazungusha kwa mkono.

Mpira wa zumu uliolegea na kuota weupe ni alama ya kazi nyingi na jua. Kitako kilichochakaa mpaka shaba ya njano inaonekana chini ya kromu ni alama ya kubadilishwa badilishwa mara nyingi, yaani mtu wa kazi, mwenye kamera na lenzi kadhaa. Hizi si kasoro za kukimbia. Zinakupa sababu ya kuuliza maswali ya kina.

Kioo cha ndani kilichokaa mshazari baada ya lenzi kuanguka hakionekani kwa tochi. Kinaonekana kwa picha. Simama mbele ya ghorofa refu la Michenzani, ukilitazama uso kwa uso bila kuinama upande, tundu likiwa wazi kabisa, na upige. Safu zile za madirisha zinazojirudia ni kipimo kizuri: kuza picha, linganisha ukingo wa kushoto na wa kulia. Pembe zote zikiwa laini kidogo kwa usawa, ni tabia ya lenzi. Upande mmoja ukiwa mkali na mwengine umefifia, lenzi iligongwa. Tazama na meno ya filta: pale yalipobonyea ndipo ilipotua.

Ya nani

Namba ya kiwandani iliyokwanguliwa ni mwisho wa mazungumzo. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kutojua si kinga ikiwa alama zilikuwa wazi. Namba ikiwepo, ipige picha na uitafute mtandaoni pamoja na jina la lenzi. Watu walioibiwa huziandika. Kamera na lenzi nyingi za karibuni huacha namba ya lenzi ndani ya faili la picha. Piga picha moja, ifungue kwa programu ya ExifTool, linganisha na iliyochongwa. Zikipishana, uliza kwa nini, pengine saketi au pipa lilibadilishwa. Jina lililochongwa kwa kalamu ya umeme au gundi ya lebo ya ofisi iliyobaki pembeni pia vinataka maelezo. Jibu la kweli huwa fupi: ofisi ilifunga, mwenye jina ni baba yangu. Omba risiti ya mkono yenye namba hiyo, tarehe na simu ya muuzaji, na mkubaliane siku mbili tatu za kuijaribu.

Neno kuhusu kitu kinachouzwa kama lenzi ya kamera na si lenzi ya kamera. Mji Mkongwe una historia ndefu ya studio. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza 1930. Vyumba vya giza vilipofungwa, vifaa vyake vilisambaa. EL-Nikkor 50mm f/2.8 ni ya mashine ya kukuzia picha: ina pete ya tundu na skrubu ya milimita 39, lakini haina pete ya fokasi. Ukizungusha na hakuna kinachosogea mbele wala nyuma, ndiyo hiyo. Si takataka. Kwa mpiga picha wa wadudu au vito, ukiiweka kwenye mvukuto wa fokasi, ule mfuko wa mikunjo unaoisogeza lenzi mbele na nyuma, ni kali sana kwa bei ndogo.

Italala wapi sasa

Ukishainunua, usiitie kwenye ule mkoba wa ngozi. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira, la lita 10 hivi, utie gramu 150 hadi 200 za silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu. Kipimo cha bei rahisi hudanganya, kwa hiyo kijaribu: chumvi ya mezani kijiko kimoja, maji matone machache mpaka iwe tope, weka kwenye kifuniko cha chupa, tia pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima. Lazima kisome 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza 5. Unyevu wa sandukuni ukae kati ya asilimia 40 na 50. Ukikaa chini ya 30 kwa muda mrefu si mzuri kwa grisi. Mchele hautoshi, na unaleta vumbi.

Silika jeli ikishiba hukaushwa tena kwa jiko la kuokea, nyuzi 120, saa mbili. Nunua ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani. Ile ya buluu inayogeuka pinki ina kobalti, ambayo ni sumu, isiingie kwenye jiko la chakula. Kuianika juani tu haitoshi, maana hewa yenyewe ina maji.

Lenzi mpya uliyoinunua usiichanganye na nyengine mpaka isafishwe, ingawa spora za koga ziko hewani kila pahala na kinachoziotesha ni unyevu. Baada ya wiki tatu nne imulike tena kwa tochi. Koga iliyokuwa hai wakati unanunua ikiwa imesogea, utajua sanduku lako halifanyi kazi. Na ukitoka nayo chumba cha kiyoyozi kwenda nje, iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa au zaidi mpaka ipate joto, la sivyo maji ya hewa yatatanda juu ya kioo na mengine yataingia ndani, pahala ambapo kitambaa hakifiki.